Mkwe Asiyetaka Kushikwa

Fridah,

Ukitoka kazini, mchukue Ashley kwa jirani Miriam. Maharagwe yameiva, yakaange tu. Nampeleka mumeo hospitali, ikama yake, kile kibali cha kuishi nchi hii, ninayo.

Asubuhi Josphat ameamka chumba kinamzunguka. "Ni joto tu, mama." Joto gani na AC inavuma? Najua mara nyingi kizunguzungu ni sikio. Lakini ulimi wake ni mzito na mguu mmoja anauburuta, na hicho chaweza kuwa kiharusi. Nikataka kumshika, akarudi nyuma, eti mama mkwe hamgusi mkwe. Akaenda kutafuta ufunguo wa gari awapeleke watoto wa bosi shule, kumbe nimeuficha.

Kitendawili: anaanguka na hataki kushikwa. Umeshindwa? Ni mumeo.

~~Usimwambie bosi, asije akasema halas, imetosha, rudi Kenya.~~ Mwambie. Heri akose kazi kuliko aangukie usukani na watoto wa watu wakiwa ndani.

Teksi imefika. Mwandiko umepinda kwa sababu naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine nimemshika nao Josphat, na simwachi, aone haya asione.

Nyanya wa Ashley