Harusi Kwenye Nyasi za Jackson

Nashville, 3 Machi

Mjomba Hastings mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na mbwa hajaumwa tena na nyoka. Mimi mzima, usingizi tu ndio haba.

Harusi yangu na Preston ni Mei. Mama yake ameshalipia mahali, na najua utapiga kelele: ni bustani ya nyumba ya zamani ya Rais Andrew Jackson. Anasema pana maua kila upande, na kwamba yule mzee aliwatetea watu wa kawaida. Nilimwongezea chai, Mjomba.

Mama yangu hayupo tena. Bila wewe kunifunika blanketi la buluu na kusimama upande wangu, kwetu Wacherokee hiyo si ndoa, ni sherehe ya keki. Utakuja?

Mpwa wako,
Tessie

Stilwell, Oklahoma, 9 Machi

Tessie, binti wa dada yangu,

Marahaba. Goti linauma, mbwa mzima, mahindi bado.

Siji.

Mimi nimetembea dunia. Nimekunywa bia Frankfurt na majenerali (wao walikuwa meza nyingine). Shule sikumaliza, lakini yule bwana namjua kuliko maprofesa. Watu wa kawaida gani? Labda Wazungu waliotaka mashamba yetu sisi wenyeji! Babu zetu walimpigania vita kule Horseshoe Bend. Waliogelea mto wakaiba mitumbwi ya adui, sifa akabeba yeye. Alipopata urais akatia sahihi sheria ya kutuhamishia huku magharibi. Mahakama ya Juu ikasema tuna haki, yeye akajikuna sikio. Aliyempokea kiti akaleta askari, bibi zetu wakatembea mpaka huku, wengine wakazikwa njiani. Na hayo maua hayakujipalilia, shamba lake lilijaa watumwa.

Tena alichukia pesa za karatasi, wakamchora kwenye noti ya dola ishirini. Hicho ndicho kichekesho pekee alichoacha. Noti hiyo siigusi, duka zima linajua: Hastings anapewa za kumi.

Blanketi la bibi yako halikanyagi pale.

Mjomba wako,
Hastings

Nashville, 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Goti leo siliulizi.

Nilimsomea Preston barua yako. Akasema, "Mbona hukuniambia?" Nikamjibu, "Mbona hukuniuliza?" Akaenda kwa mama yake, akarudi masikio mekundu. Mwisho wa mwezi tunafuta bustani. Mama mkwe haongei nami. Tutaenda kwa hakimu, wawili tu, kimya. Blanketi lipumzike kabatini.

Mpwa wako,
Tessie

Stilwell, 6 Aprili

Tessie,

Marahaba. Goti, ambalo hukuliuliza, linauma. Usifute bustani!

Jana dukani nilikuta msichana mpya. Chenji yangu, noti ya ishirini. Nikamwambia, "Binti, mwondoe huyo, nipe za kumi." Akaigeuzageuza. "Kwani huyu nani?"

"Unamshika kutwa nzima, humjui?"

"Babu, mimi naangalia namba tu."

Nilicheka mpaka nikaegemea friji ya soda. Mtu mzima na vita vyake, na sheria zake, na sanamu zake za farasi wa shaba viwanjani, anakunjwa mifukoni na kufuliwa na suruali, na mtoto wa Kizungu hata jina halijui! Aliyebaki akimpa heshima ya kumkimbia ni mimi peke yangu. Heshima hiyo nimeifuta.

Nakuja. Nitapita njia ile ile waliyotembea bibi zetu, ila mimi narudi, kiyoyozi kinapuliza, natafuna karanga. Alitaka asionekane Mcherokee mashariki ya mto Mississippi. Basi shangazi zako wote watakula kuku juu ya nyasi zake, nami nitakufunika blanketi hadharani, na jeupe, lile la kuwafunika wewe na Preston pamoja mkishaoana, nalibeba. Hakimu abaki na wezi wake.

Preston mwambie masikio mekundu yanampendeza. Mama yake nitacheza naye nyimbo mbili, aniwekee keki ya pembeni yenye sukari nyingi.

Naambiwa yule bwana kazikwa humo humo bustanini. Waulize wenyeji kaburi liko upande gani, nijue mgongo wangu uelekee wapi wakati wa picha.

Mjomba wako,
Hastings