Mkamwana wa Upande wa Pili wa Ukuta

Mwanangu Lusajo,

Ugonile. Nimekupigia mpaka simu imechoka, hupokei, najua huko Hong Kong uko kazini. Basi nakuandikia kwa kalamu, nitaipiga picha karatasi nikutumie. Usicheke mwandiko. Shule niliiacha mapema, nayo haikunililia.

Nakukumbuka ukiwa mdogo, kule migombani Tukuyu. Babu yako alipita kuomba kaa la kiko, mama yako akaacha chungu jikoni akakimbilia nyuma ya migomba. Maharage yakaungua. Ukaniuliza, "Baba, kwani mama kamwibia babu nini?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakuambia hajaiba, ni heshima: baba mkwe na mkamwana wake hawatazamani wala hawasemezani. Ukasema, "Heshima gani inaunguza maharage?" Nikakutuma maji.

Sasa wewe uliyeuliza hivyo ndiye umemleta mkeo Wing hapa Mbeya, Soweto, na tumbo lile, halafu ukarudi kumalizia mkataba bila kumwambia kitu! Siku ile getini, ulipokuwa bado unashusha mizigo, alinijia mikono wazi, "Hello Daddy!" Mimi huyo, nikaruka ua wa michongoma, suruali ikabaki nusu. Wewe ulicheka. Jirani alicheka. Wing hakucheka.

Mama yako angekuwa hai angemweleza. Hayupo. Tunaishi kwa kuviziana: anaweka chakula mezani, anaondoka, ndipo natokea. Namsikia kupitia ukuta tu, mkiongea kwenye simu hicho Kikantoni chenu kilichochanganywa na Kiingereza. Mwanzoni nilidhani simu mbovu. Lakini baba yako si mjinga. Sisi tunasema "nicheki", naye anasema "chek ha". Gesi ikiisha, "mou gas". Mtandao ukikatika, "aiya, mou signal". Asichokitaka anakitangulizia m ya puani: "m OK". Nikaona kumbe ni wenzetu hawa, Kiingereza cha watu wanakikatakata kama sisi.

Jana ukamuuliza, "Hap-m-happy a?" Neno la Mwingereza mmelipasua mkachomeka hiyo m yenu! Nikajiandaa kucheka. Yeye akasema, "M happy. Daddy m like ngo." Cheko likaisha. Ngo ni yeye mwenyewe, hilo nimeshalijua. Halafu nikasikia "book-jo bus", yaani tiketi kashakata, nikasikia Iringa, tomorrow, Tumpe. Anakwenda kwa dada yako Tumpe, leo mchana, akajifungulie huko. Na wewe ukajibu, "OK la."

OK la nini, Lusajo?

Unanijua. Namtania mchungaji hata msibani. Lakini hili naliogopa. Wazee walituambia baba mkwe akiuvunja mwiko huu, anayelipa ni mtoto wa tumboni. Mimi siamini. Nasema siamini, huku bado namkwepa. Na nikiendelea kujificha, mjukuu wangu atazaliwa akiambiwa kuna mzee Mbeya aliyemkimbia hata kabla hajaja.

Ndiyo maana asubuhi hii nimechukua kiti, nikakaa mlangoni kwa Wing, mgongo kwake, uso ukumbini. Nilisikia anakunja nguo. Nikasema, "Wing. M go. Daddy like you. Daddy..." Maneno yakaniishia, nikamalizia, "Aiya."

Nguo zikaacha kukunjwa. Kisha nikasikia zipu ya begi. Anafungua au anafunga, mwanangu, sijui. Zipu zinalia sawa, na mimi kugeuka siwezi. Nimebaki nakuandikia wewe hapahapa, karatasi juu ya goti, namsikia anavuta pumzi nyuma yangu.

Ukiisoma hii usinipigie mimi. Mpigie yeye, umweleze kwa hiyo lugha yenu kwamba mgongo huu si chuki. Fanya haraka. Mlango ni mwembamba na mimi nimeujaza. Akitaka kupita itabidi aniguse bega, na akinigusa nitageuka nimtazame usoni. Hapo tena, Mungu na huyo mtoto wenu watajua la kunifanya.

Ni mimi baba yako,
babu wa huyo aliye njiani.