Mdudu wa Siku Moja

Jumatatu, 8 Desemba 2025
Mimi Amiri, niliyefua mashuka ya meli Beira mpaka Durban, sasa nitakuwa mwongozaji wa wavuvi wa trauti! Bado — nipo kwenye majaribio. Bi Ingrid, mwenye kambi yetu hapa Ruvuma, anafungua nyingine kwenye mito ya baridi, nyanda za juu. Trauti, samaki wa mito hiyo, anadanganywa kwa ndoana ya manyoya iliyofanana na mefulai, mdudu wa mtoni anayeishi siku moja. Akauliza nani anamjua, Ijumaa amletee mmoja. Nikasema tumekua wote. Helder, mpishi, rafiki yangu, akadakia: mama, huyu asipomjua tufukuze wote wawili. Tukacheka.
Simjui hata kwa sura.

Jumatano, 10 Desemba
Mvua ya kwanza. Magharibi kumbikumbi wakafumuka, taa ya jikoni haionekani. Nikatega beseni la maji chini yake, kama kwetu Mpapura. Jioni moja wanaruka, asubuhi mabawa matupu sakafuni. Si ndiye wa siku moja? Mmoja nikamtia kwenye kiberiti, wengine tukakaanga. Nimefunga ndoana kumi na mbili za mfano wake. Manyoya ya jogoo wa Joana, mke wa Helder, mwenye mimba ya miezi minane. Shemeji, kasema, huyo nilimweka kwa uzazi wangu. Nimemwahidi wawili.

Alhamisi, 11 Desemba
Bi Ingrid kaniazima kitabu cha picha. Mefulai anasimamisha mabawa, ameyabana kama viganja. Mikia mitatu, myembamba kama unywele. Wangu kalaza mabawa mgongoni, mkia hana. Mchwa! Wa kichuguuni, mtoni hapajui.
Nimegeuza mawe ya mto kutwa nzima. Magoti yamechubuka. Sijapata hata mmoja. Helder kapita na mluzi wake: mtaalamu, kesho utuheshimishe. Nimeshindwa kumwambia.

Ijumaa, 12 Desemba
Niko nyuma ya jiko. Bi Ingrid amefungua kiberiti changu, nilichokiacha mezani. Namsikia anauliza nani kaleta mchwa huyu.
Helder: mimi, mama. Amiri alikuwa na wake, nikamtupa nikijua uchafu, nikaweka huyu.
Muongo mkubwa yule.
Kaambiwa akusanye vitu vyake.
Nimevaa viatu. Nimevua. Nimevaa tena. Joana yuko mlangoni, mkono kiunoni. Hamtazami mumewe. Ananitazama mimi, na nafunga daftari: naingia kumwambia Bi Ingrid mchwa ni wangu.