Fahali Alipopiga Yowe

Mjukuu na mchumba wangu Kabula, mwangaluka! Bibi yako hajambo, na wivu wake pia haujambo. Pamba shambani imekubali.

Katika barua yako kuhusu masomo umeuliza kama nimeelewa jinsi protini za virusi zinavyoiziba mdomo seli iliyovamiwa, isiwaite walinzi wa mwili. Sana! Ujanani nikichunga kule Migato, wezi wa ng'ombe walinishindilia shati langu mdomoni nisipige mwano, yowe letu la kuitana. Bila mwano jirani haji. Nikamsokota mkia fahali wa baba. Alinguruma, bonde zima likasikia! Wachungaji wenzangu wakasikia, wakapiga mwano, kijiji kikaja na fimbo. Wezi walikimbia wakiacha viatu, na ng'ombe wote wakarudi nyumbani.

Mwambie mwalimu wako atafute nani hunguruma mwilini seli ikizibwa mdomo. Akimpata, virusi navyo vitaacha viatu.

Guku wako, yaani babu yako, Somanda