Fomu Siiondoi

Tolliver, Nebraska
Jumatatu, 26 Septemba

Kwako Baba,

Shikamoo. Naomba joto la huko Arizona liwe limepungua, na kifua chako kiwe kinakuachia usingizi. Huku sisi wazima, isipokuwa mjukuu wako Wade. Mtulinga wake haujaunga bado na mkono kaufunga shingoni, lakini kula anakula. Mume wangu Clint anakusalimu. Mahindi ya mwaka huu usiniulize.

Kaka Delbert alinipigia jana akanipa ujumbe wako: niende ofisini, niichukue ile fomu ya chakula cha bure niliyosaini, niichane, kisha nikuombe radhi kwa kukutia aibu mbele ya mji mzima. Ningekujibu kwa simu, ila kwenye simu hunisikii, na ukinisikia hunipi nafasi. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Jibu langu ni hapana, Baba. Tulia nikueleze, maana aliyekupelekea habari ni Gus Haverkamp, na Gus namjua, husimulia ile nusu anayoipenda.

Unakumbuka ulivyofoka Chama cha michezo cha jimbo kilipobadilisha utaratibu wa kupanga madaraja ya mpira wa Kimarekani. Zamani ilikuwa idadi ya wanafunzi tu. Sasa wanapunguza kwenye hesabu sehemu ya watoto wanaokula bure shuleni, kwa kuwa mtoto asiye na kitu hana viatu vya mazoezi wala wa kumlipia kambi za kiangazi. Basi shule moja ya jijini Omaha, yenye wanafunzi elfu moja na mia nne, ikashushwa. Sisi wenye mia mbili, tuliojaza fomu tisa tu za chakula hicho, tukapandishwa, tukakutanishwa na shule za vitongoji vya matajiri kandokando ya Lincoln. Mwaka jana tulifungwa sitini na mbili kwa sifuri, nyumbani, mbele ya wazee. Mwaka huu Wade kavunjwa. Vijana walikuwa ishirini na wanane, leo wamebaki kumi na sita. Bodi imesema wazi: tukipangwa tena huko juu, timu itavunjwa, na anayetaka kucheza aende Garnet, maili arobaini.

Uliita jambo hilo wizi. Mimi pia niliita wizi. Mwezi wa nne nilikwenda Lincoln kwenye kikao cha malalamiko na hotuba ya kurasa nne. Nikawaambia juu ya vijana wetu wanaokaa ndani ya basi saa mbili kufuata mechi moja, wanaofunga majani makavu alfajiri kabla ya mazoezi. Nikawauliza tangu lini shamba likawa utajiri. Nikapigiwa makofi na watu wa huku kwetu, nikashuka nimejaa kama nimeshinda.

Kwenye meza ya kahawa akanifuata kocha wa ile shule ya Omaha, mtu mrefu mwenye mvi, anaitwa Lamont Pettway. Akanisifia hotuba. Halafu akauliza ni watoto wangapi wanakula bure kwetu. Nikamwambia tisa. Akacheka, wala si kicheko cha wema.

“Tisa? Dada, mimi nilipita nyumba hadi nyumba na kalamu mfukoni. Nikafukuzwa, nikarudi kesho yake. Wewe ulipita kwa nani?”

Nikamjibu kwamba watu wetu hawapendi kuomba. Akaweka kikombe chini.

“Basi msije hapa kulia kwamba tumewaibia. Njaa mnayo kama sisi, ila ninyi mnaificha.”

Njiani kurudi nyumbani nilimkasirikia mpaka nikapita Grand Island. Nilipofika Kearney bado nilikuwa na hasira, ila si juu yake tena. Mimi ni karani wa shule, Baba. Saa ya chakula mlango wangu unatazamana na bwalo. Namjua binti anayesema kila siku kwamba hana njaa. Mjukuu wa Gus mwenyewe husimama kwenye bomba akinywa maji mpaka kengele ilie. Niliona yote hayo miaka kumi na moja, nikanyamaza, kisha nikapanda jukwaani Lincoln kudai haki.

Tulipoitisha mkutano mwezi huu kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, Gus alisimama wa kwanza. Akasema watu wa jijini wamezoea kupewa, sisi Tolliver tunajilisha wenyewe, na kama ni kufungwa tutafungwa kwa heshima. Wakampigia makofi. Nikapita mbele, nikaweka bunda la fomu mezani, nikawaambia kwamba heshima hiyo wanaoilipia ni watoto, kwa matumbo yao na kwa mifupa yao. Hakuna aliyenyanyuka. Basi nikachukua kalamu, nikajaza yangu palepale, wanaona, nikasema kwa sauti:

“Clint kauza ng'ombe wote Februari. Tangu hapo nyama mezani kwangu ni ya kulungu aliowinda mwenyewe. Watoto wangu wataanza kula bure. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, nikimwona.”

Hiyo ndiyo aibu niliyokutia. Kilichofuata najua Gus hakukuambia. Mkwewe Twyla, mke wa mwanawe marehemu Ronnie, alisimama na mtoto kiunoni akaomba kalamu. Gus akamwamuru akae. Twyla akamjibu kwamba akae yeye, kwani si yeye anayewafungia watoto vitafunio kila asubuhi akijua havitoshi. Akasaini. Nyuma yake ukawa mstari. Gus akatoka na kuisahau kofia yake. Mpaka leo fomu zimefika sitini na nane, na kwa hesabu ya Chama zinatosha kutushusha daraja. Zinaondoka Ijumaa saa nne asubuhi. Nikiondoa yangu, Twyla ataambiwa aondoe yake, na walio nyuma yake watamfuata. Siiondoi.

Gus anapita akisema umemhakikishia kwamba hakuna mtoto wa ukoo wetu wa Dietz aliyewahi kula chakula cha serikali. Kaka Delbert, najua ni wewe unayemsomea Baba, maana macho yake hayaumudu tena mwandiko wangu. Hapa usiruke hata neno moja.

Baba, mwaka 1985, benki ilipochukua shamba la kaskazini, Mama alisaini. Alisainia juu ya meza ya kupigia pasi, wewe ukiwa bandani na trekta, akaikunja ile karatasi ndogo kabisa akaitia ndani ya soksi yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Niliipeleka mimi. Tukala bure miaka mitatu, mimi na Delbert, na wewe ukawa unamsifu Mama jinsi anavyojua kubana matumizi. Ile picha ya ubingwa wa 1987 uliyohama nayo, kijana aliyebebwa mabegani mchana ule alikuwa amekula viazi na nyama ya serikali, akaongezwa sahani ya pili. Muulize, yuko mbele yako.

Mama aliniapisha nisiseme akiwa hai. Amefariki miaka tisa sasa, kwa hiyo kimya cha miaka hii tisa ni woga wangu mwenyewe, na kwa hilo peke yake nakuomba radhi. Yeye hakuionea aibu ile fomu, Baba. Alikuogopa wewe.

Barua hii naiandika leo, ila nitaitia posta Ijumaa saa tano, fomu zikiwa zimeshakwenda. Ukikasirika andika, hata kunigombeza, nitasoma. Wade anasema babu asijali, mkono utapona kabla ya theluji. Mpe Delbert salamu zangu, kama bado mmekaa meza moja.

Ni mimi mwanao, na mtoto wa Mama,
Verna