Tulingoja Jua Lipunguze Mto

Aloisi. Lori lililotuchukua limeshaondoka mtoni, nimekaa na dereva, mtandao umerudi sasa hivi. Soma kwanza, usimpigie mtu.

Reginaldi ametutoka. Mto wa huku Siberia umemchukua mbele ya macho yangu, safari yetu ya pikipiki imeishia hapa.

Asubuhi maji yalikuwa ya magotini. Magotini, Aloisi! Ameshawasha pikipiki, anataka kuvuka. Nikamwambia ngoja jua lipande, maji yatapungua. Si ndivyo tulivyofanya miaka yote kwenye vijito vya kambi ya wakimbizi Kigoma? Akacheka: "Jovini umezeeka, unaogopa maji ya kuogeshea watoto." Lakini akazima. Alinisikiliza.

Mchana mto ukajaa. Jua kali, hata tone la mvua hakuna, na mto umejaa! Akasema kesho utazidi, akaingia. Katikati pikipiki ikaanguka naye.

Dereva amenieleza kwa simu yake inayotafsiri: "Babu, huku jua linayeyusha theluji milimani. Watu wanavuka alfajiri."

Alfajiri! Na yeye alikuwa ameshawasha!

Agata asiambiwe kwa simu. Toka hapo Westerville uende kwake Buffalo, uchukue wazee wa kanisa, mkae naye chini. Tulipoagana uwanja wa ndege wa Louisville nilimwahidi nitamrudisha mume wake.

Mwili ulipatikana kwenye changarawe, uko nyuma ya lori chini ya turubai. Pikipiki yake haijaonekana. Yangu nimeiacha ukingoni. Mimi ni mzima. Agata bado hajui.