Bundu ya Mi-temps

Siku ya ine, 13/11/2025

Luc amepiga simu! Équipe yabo inakuya Beni siku ya posho, kesho kutwa, kucheza basket na batoto ya hapa. Mutoto yangu mwenyewe, mwanafunzi wa mwaka wa pili kwa institut supérieur kule Butembo, mètre moja na makumi tisa na ine. Kwa mlango yetu anainamaga. Dada yake Shalom anasema kule banamuita «Échelle», ngazi. Bamuite vile banataka, miye njo nilimuzaa.

Miezi kumi na moja sijamuona. Toka hapa Mulekera mpaka Butembo ni kilomita makumi tano na kitu tu. Mais miye mwenyewe njo nilimukataza. Tangu batu ya silaha baliunguza magari pale njiani nikamuambia: Luc, usikuye. Hata Noeli, hata nikigonjwa, usikuye. Akatii. Mutoto ya kutii hivi, na tangu kuzaliwa hajadanganya mutu! Kuna siku nilitamani asitii.

Sasa banakuya na escorte ya basoda. Donc atafika muzima. Nikamuuliza: utalala hapa? Akasema hapana. Coach yabo, Manassé, amekataza. Kisha match, moja kwa moja mu gari, ju barrière inafungwa saa kumi na moja. Na tena: mucheza yeyote asikule kitu ya mutu mu Beni. Maji ya chupa ya kufungwa tu. Mwenye atakula, anatoka mu équipe mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Coach anaogopa karuho, ile sumu banasemaga banawekea bageni mu chakula.

Nikacheka. Miye mama yako, niko mugeni kwako? Akasema: Mama, sheria ni sheria.

Sauti yake imekuwa nzito. Ilibadilika lini, na miye sikukuwa?

Siku ya tano, 14/11

Nimetandika kitanda yake. Ninajua hatalala. Nimetandika tu.

Samaki ya makayabu inalowa tangu asubui. Maharagi ya njano, yale ya Lubero. Majani ya sombe na mawese. Emérence wa parcelle ya pembeni alikuya kuomba chumvi, akaona sufuria: «Eh, Mama Luc! Unalisha basoda ya camp muzima?» Nikamujibu: ninalisha mutu moja, mais huyu moja ni camp muzima. Tulicheka mpaka akasahau chumvi.

Ba-mama ya paroisse bamemuchagua Emérence kugawia bacheza maji. Nilimuonea wivu, nisidanganye. Atasimama karibu na mutoto yangu kunipita miye.

Shalom ananiuliza: Mama, coach amekataza, sasa hii chakula ni ya nani? Nikamuambia aoshe sahani.

Siku ya posho, 15/11

Nilifika kwa terrain mbele ya bote. Kikwembe ya Pasaka. Gari yabo ikaingia na vumbi yake, basoda mbele, basoda nyuma. Bakaanza kushuka. Wa sita ni yeye. Mungu Nyamuhanga wangu! Ile mabega! Na ndevu kidogo. Nani alimupa ruhusa ya ndevu? Akaniona, akainua mukono, hakukuya. Coach Manassé alikuwa pembeni yake, kamutu kafupi na filimbi mu shingo, analinda bacheza kama masoeur banalinda babinti ya shule ya internat.

Match ikaanza. Luc akitupa, inaingia. Points kumi na tano mbele ya mi-temps! Kila mara nilisimama. Batu ya nyuma: «Mama, keti! Uko wa Beni ao wa Butembo?» Nikabajibu: niko wa huyu murefu!

Mi-temps. Bakaenda nyuma ya madarasa kupumzika. Coach akabaki kugombana na arbitre. Nikapita upande ya choo, sufuria ndani ya kikwembe. Nikamuita polepole, vile nilimuitaga akiwa mudogo: Kambere-e. Akageuka. Akakuya.

Sikumuambia akule. Mungu anaona. Nilifungua kifuniko tu. Akanusa, macho ikabadilika. «Mama, kidogo tu.» Kidogo! Bundu kubwa, ugali ya muhogo kama kichwa ya mutoto, makayabu, sombe, maharagi — yote. Akapanguza sufuria na kidole. Wakati anakula nilimushika sikio, vile tu, kuona kama ni yeye. Hakunikataza. Dakika saba. Kwa miezi kumi na moja, nilipata dakika saba.

Bakarudi kucheza. Luc alikuwa muzito kidogo, mais points ikaingia. Emérence akamupa maji, akamaliza chupa yote. Tukafika mwisho: Butembo 60, Beni 59. Inabaki karibu dakika moja. Mupira iko kwa Butembo. Na pale — coach anamutosha Luc inje! Mutoto mwenye points makumi mbili na mbili! Anaingiza nani? Jéthro, kamoja kembamba. Nililalamika mpaka sauti ikaisha: murudishe Échelle! Coach hakugeuka.

Akabaambia bashike mupira, basitupe, saa ipite. Saa ikapita kweli: arbitre akapiga filimbi, bamekawia kutupa, mupira kwa Beni. Beni banatupa, inaingia. 61! Inabaki secondes tisa. Shalom anasema coach alikuwa angali na temps mort moja, angesimamisha muchezo abapange batoto muzuri. Hakuiomba. Aliifichia nani? Jéthro akatupa kutoka mbali. Mupira ikazunguka ile chuma, ikazunguka... ikatoka.

60 kwa 61. Point moja!

Mariette wa kuuza mawese ananirukia: «Mama Luc, Échelle yenu mbona mulilaza chini, na batu bangali juu ya nyumba?» Nilikuwa namuangalia Luc kwa banc, taulo juu ya kichwa.

Gari ilikuwa inanguruma. Nilikimbia, ndiyo, na kikwembe ya Pasaka nilikimbia. Alikuwa ndani tayari. Uso kwa dirisha, mukono kwa tumbo. Nilifikiri ni huzuni.

Siku ya Mungu, 16/11

Kisha misa niliambia kila mutu: ule coach hapana akili. Nilibaonyesha na mawe pale chini: Luc hapa, Jéthro hapa, panier hapa. Hata Padri alisikiliza. Mutoto kama Luc hapana kumutosha, hata nyumba ikianguka! Bakakubali bote.

Saa nane Luc akapiga simu. Nikaanza: ule mujinga wa coach — akanikata.

«Mama, hapana. Njo miye nilimuomba anitoshe.»

Tumbo. Kukimbia kulimushinda, macho ikaanza kuona giza. Bundu.

Niliketi juu ya kitanda yake. Drap ingali imenyooka.

Siku ya pili, 18/11

Mambo imeharibika.

Njiani, pa Maboya, Luc alitapika mbele ya équipe yote. Coach akamuuliza: ulikula nini? — Hapana kitu. — Ulikunywa nini? — Paka maji. — Maji ya nani? Na mutoto yangu, mwenye hajadanganya mutu tangu kuzaliwa, akasema: ya ule mama wa kikwembe ya buluu.

Emérence.

Luc ni muzima, banganga ya hospitali bamemuona, anakula, anacheka. Mais kule Butembo banasema Beni ilimupa karuho ju ashindwe. Na hapa habari imefika mbele ya jua. Emérence anauzisha ndizi na avoka kwa meza yake barabarani. Leo nilihesabu toka dirisha: hapana mutu alisimama. Banavuka upande ingine.

Alikuya kwangu. «Mama Luc, weye unanijua. Chupa ilikuwa ya kufungwa, aliifungua mwenyewe. Muambie mutoto aseme.» Nikamutilia chai. Siku hizi kwetu, mwenye nyumba anaonjaga wa kwanza, mugeni aone. Nilisahau kuonja. Emérence akabeba kikombe akakunywa tu. Hakuniangalia hata mikono.

Sikusema. Nilikuwa na kinywa, sikusema.

Nikamupigia Luc. Analia, mwanaume wa ndevu. «Mama, nyamaza. Coach akijua nilikula, ananitosha mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Itapita. Mu mwezi wa tatu équipe itarudia Beni, batu batakuwa bamesahau, na miye nitakuwa mu ile gari. Ni gari moja tu yenye inaweza kunileta kwako. Hutaki?»

Anajua pa kunigusa. Hutaki! Ananiuliza miye!

Siku ya tatu, 19/11

Mwezi wa tatu. Desemba, Januari, Februari. Inahesabika.

Sikutoka leo.

Siku ya ine, 20/11

Ninaandika juu ya banc, inje ya bureau ya chef de quartier. Cahier iko juu ya magoti.

Asubui bajeunes balitupa mawe juu ya manjanja ya Emérence. Nilisikia paa inalia, moja, mbili, kisha mingi. Mumoja anaita: «Mulozi, toka!» Nilibajua, bote nilishabapa maji ya kunywa. Nikatoka na muiko ya bundu mu mukono. Nikabaambia: wa kwanza mwenye atatupa tena, nitaenda kwa mama yake na hii muiko. Bakarudi nyuma. Mais habakuenda. Banangoja. Chef akatuma batu bamulete Emérence huku, anasema ni kwa kumulinda.

Alipita mbele yangu na kikwembe ile ya buluu. «Mama Luc, umekuya kunisindikiza? Wasingya.» Ananishukuru.

Nimebeba sufuria. Sijui ju ya nini. Nafikiri chef ataniuliza: ulimulisha ngapi? Nitamuonyesha na kidole: mpaka hapa juu. Na alimaliza yote, chef, hata chini ulikuwa haupati sombe. Hapana mutoto mwingine Beni na Butembo mwenye angemaliza ile na bado atie points saba.

Kisha coach atajua. Kisha Butembo yote itajua Échelle alidanganya. Na mu mwezi wa tatu gari itaingia na vumbi yake, batashuka mumoja mumoja, na wa sita atakuwa Jéthro.

Kitanda niliacha imetandikwa.

Ndani ninasikia Emérence: ni maji tu, chef. Ni maji tu.

Simu inatetemeka mu kikwembe. Ni Luc. Miezi kumi na moja, akipiga, siachaga ilie mara mbili. Sasa imelia ya tatu. Ya ine. Mlango inafunguka, banauliza nani anafuata —